Cheti cha Marehemu na Chuo cha Yatima

 

Wazazi kadhaa wa hapa Mabamba wameniomba nieleze katika safu hii njia za kumlipia kijana masomo ya chuo. Nilikwisha kuanza kupanga njia hizo moja baada ya moja, kisha nikaiweka kalamu chini. Niliona kwamba ningeandika juu ya fedha, hali kikwazo nilichokiona kwa macho yangu mwaka jana hakikuwa fedha. Kilikuwa karatasi moja. Basi niruhusuni nianze na karatasi hiyo, na fedha tutazifikia, inshaallah.

Ilikuwa baada ya sala ya isha, mwishoni mwa mwezi wa nane. Mama mmoja wa jirani alinisubiri kibarazani pa msikiti pamoja na binti yake, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri masomo ya sayansi. Mama akasema, "Ustadh, mtoto ameambiwa alete cheti cha kifo cha baba yake. Nawe ndiye katibu, na ninyi ndio mliomzika." Alisema kweli. Marehemu tulimzika sisi. Nilikuwamo miongoni mwa waliobeba jeneza, nikasimama safu ya kwanza katika sala yake, nikatia udongo kwa mikono yangu. Alifariki asubuhi nyumbani kwake, tukamzika kabla ya alasiri, kama Sunna inavyotuhimiza kuharakisha. Nilifungua kabati la msikiti kutafuta daftari. Nilikuta daftari la michango ya mabati, la sadaka ya Ijumaa na la wanafunzi wa madrasa. La mazishi halikuwamo, kwa sababu halijapata kuwapo. Hata tarehe ya kifo ilibidi tuibishanie, mmoja akisema ilikuwa kabla ya palizi ya maharage, mwingine akisema baada.

Tulianza kuhangaika. Barua ya kijiji, mashahidi wawili wa mazishi, safari za Kibondo mjini, kisha uhakiki wa cheti chenyewe. Jibu la uhakiki lilipotoka, dirisha la maombi ya mkopo lilikuwa limefungwa siku 3 zilizopita. Silaumu ofisi yoyote. Waliokuwa na kazi yao waliifanya. Sisi ndio tuliochelewa, tena kwa miaka 6, tangu siku tuliyomzika mtu tukaenda zetu bila kuandika.

Binti yule yuko nyumbani hadi leo. Jioni husomesha watoto wa madrasa hesabu, nao wanampenda. Baba yake mdogo alipopata habari alisema pengine ni kheri, maana mkopo ule ni riba, na mtoto wa kike ana mambo mengine ya kufikiria. Mama alinyamaza. Mimi nilirudi nyumbani na maneno mawili yakizunguka kichwani: karatasi, na riba. Ndiyo mambo mawili yanayowazuia watoto wetu wengi kuliko umaskini wenyewe, na ndiyo nitakayoyazungumza leo.

KWANZA, MKOPO WENYEWE NI NINI

Wazee wetu waliosoma zamani hukumbuka kwamba serikali ilibeba gharama zote za mwanafunzi wa chuo kikuu. Utaratibu huo ulibadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipoletwa sera ya kuchangia gharama za elimu. Baadaye Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Tangu hapo mtoto wa mkulima wa Mabamba na mtoto wa mfanyabiashara wa Dar es Salaam wanaomba katika mlango mmoja.

Mkopo huo una mafungu. Lipo la ada ya masomo, la chakula na malazi, la vitabu na viandikwa, la mahitaji maalumu ya kitivo, la mafunzo kwa vitendo na la utafiti. Fungu la chakula na malazi, ambalo vijana huliita "bumu", limepandishwa katika miaka ya karibuni kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku, sawa na kama Sh 600,000 kwa miezi miwili. Si kila mwombaji hupata mafungu yote kwa ukamilifu. Bodi hupima uhitaji wa kila mmoja, na hapo ndipo karatasi zinapokuwa na uzito. Yatima huthibitisha uyatima wake kwa cheti cha kifo. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, huthibitisha kwa fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyetoka katika kaya inayosaidiwa na TASAF hutaja namba ya kaya. Aliyesomeshwa na mfadhili huleta barua ya mfadhili. Asiye na uthibitisho huhesabiwa kama asiye na shida, hata kama kijiji kizima kinaijua shida yake.

Mwenye diploma naye asikate tamaa. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefunguliwa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwamo za afya, kilimo, nishati, madini na usafirishaji. Na aliyefaulu kwa alama za juu kabisa katika sayansi kidato cha sita aulizie Samia Scholarship, ufadhili ulioanza mwaka 2022/23, ambao si mkopo bali ni ruzuku.

PILI, JE, MKOPO HUU NI RIBA?

Mimi si mufti, na atakayetaka fatwa amwendee shekhe wake. Lakini ni wajibu wetu kujua tunachokiuliza kabla ya kuuliza, kwa sababu wengi tunahukumu mkopo wa mwaka jana kwa habari za miaka kumi iliyopita.

Hofu ya baba yake mdogo haikutoka hewani. Kwa miaka mingi deni la Bodi lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka, kwa jina la ada ya kulinda thamani ya mkopo. Na aliyechelewa kuanza kulipa alitozwa adhabu ya asilimia 10. Tuchukue mfano wa hesabu ili tuone uzito wake. Mtu ana deni la Sh 12,000,000 na mshahara wa msingi wa Sh 800,000. Sheria inamkata asilimia 15 ya mshahara huo, yaani Sh 120,000 kwa mwezi, sawa na Sh 1,440,000 kwa mwaka. Nyongeza ya asilimia 6 juu ya deni lake katika mwaka wa kwanza ni Sh 720,000. Nusu kamili ya alicholipa inamezwa na nyongeza, na deni halisi linapungua kwa nusu nyingine tu. Walimu wetu wangapi walilalamika kwamba wanalipa na deni halishuki? Walikuwa wanasema kweli.

Waliotetea nyongeza ile walisema shilingi hupoteza thamani, hivyo anayerudisha Sh 100 baada ya miaka kumi hajarudisha Sh 100. Hoja hiyo wanazuoni waliijadili zamani. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilikutana Kuwait mwezi Desemba 1988 na kuamua kwamba deni la fedha hulipwa kwa idadi ileile iliyokopwa, si kwa thamani iliyokadiriwa baadaye. Kwa msingi huo, jina la "kulinda thamani" halikubadilisha hukumu ya nyongeza, na Mwislamu aliyesitasita alikuwa na sababu ya kusitasita.

Lakini sikilizeni kilichotokea. Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta ile asilimia 6, na utekelezaji ukaanza mwaka huohuo. Adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Rudini sasa kwenye mfano wetu. Deni ni Sh 12,000,000, makato ni Sh 120,000 kwa mwezi, na linakwisha kwa miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4. Alichokopa ndicho anachorudisha.

Kanuni za mikopo zimekuwa pia na ada ya uendeshaji, asilimia 1 ya mkopo, inayotozwa mara moja. Hapa napo tuna mwongozo. Baraza hilohilo la Fiqhi, katika kikao chake cha Amman mwezi Oktoba 1986, liliruhusu mkopeshaji kutoza gharama za huduma ya mkopo kwa sharti kwamba zisizidi gharama halisi, na kwamba chochote kinachozidi hapo ni riba. Basi swali la kumpelekea shekhe si tena "je, mkopo wa serikali ni riba?" Swali ni "je, asilimia 1 inayotozwa mara moja ni gharama halisi ya uendeshaji?" Ni swali dogo zaidi, na lina jibu jepesi kuliko lile la zamani.

Tupime neema hii kwa kuwatazama wenzetu. Uingereza, ambako mikopo ya wanafunzi hutozwa riba, serikali ilikusanya maoni mwaka 2014 juu ya mpango mbadala unaokubalika kwa Waislamu, na sheria ya mwaka 2017 ikauruhusu. Miaka ikapita bila mpango wenyewe kuanza, na vijana wa Kiislamu kule wakaendelea kuchagua kati ya chuo na dhamiri. Sisi huku tuliondolewa nyongeza ile mwaka 2021, na wengine wetu mpaka leo tunawazuia watoto kwa sababu ya jambo lililokwisha kufutwa.

Ajabu zaidi ni hili. Mzazi anaukataa mkopo wa Bodi kwa hofu ya riba, kisha mtoto anapopata nafasi ya chuo anakwenda kukopa kwa watu wa mtaani, mikopo ile tuliyoipa jina lake wenyewe: kausha damu. Anachukua laki tatu, anarudisha laki nne kwa mwezi mmoja, na akikosa anachukuliwa godoro na baiskeli. Hiyo ndiyo riba isiyo na shaka, haina haja ya kikao cha Amman wala cha Kuwait. Anayekimbia kivuli cha riba asiishie mdomoni mwa riba yenyewe.

TATU, DENI NI AMANA

Nikisema mkopo una nafuu sisemi kwamba deni ni jambo jepesi. Tunajua kisa cha Mtume (SAW) alipoletewa maiti ya mtu mwenye deni la dinari mbili akasita kumsalia, mpaka sahaba Abu Qatada (RA) alipolibeba deni lile juu yake. Tuchukue mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwa kijana: deni linamfuata mtu hata kaburini. Fedha anayorudisha mhitimu wa leo ndiyo anayokopeshwa mtoto wa kesho, kwa hiyo anayejificha asilipe, kwa kukwepa makato au kwa kujidai hana kazi, hamdhulumu waziri. Anamdhulumu mdogo wake aliye kidato cha tatu hapa Mabamba.

La pili ni kwetu wazazi na walezi. Fomu ya mkopo inadai mdhamini, na wapo wanaoogopa kutia saini wakidhani wanauza shamba. Udhamini ni jambo zito, ndiyo, lakini ni jambo ambalo sahaba alilifanya kwa ajili ya ndugu yake mbele ya Mtume. Mdhamini amjue kijana, azungumze naye juu ya kulipa kabla ya kutia saini, na wote wawili waandike kiasi kinachokopwa kila mwaka. Nimeona wahitimu wasiojua deni lao ni kiasi gani. Huo si mwenendo wa watu ambao aya ndefu kuliko zote katika Kitabu chao, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana madeni.

NNE, KARATASI

Sasa turudi kwenye kabati la msikiti. Dini iliyotuamrisha kuandika deni haiwezi kutukataza kuandika kifo. Kuharakisha maziko ni Sunna, na kutoa taarifa ya kifo hakucheleweshi maziko. Aliyefia hospitali, jamaa zake hupewa kibali cha mazishi hukohuko. Aliyefia nyumbani, kijana mmoja apande baiskeli aende kwa mtendaji wakati wengine wanachimba kaburi. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 na uzazi ndani ya siku 90. Ukipita muda huo bado inawezekana, ila njia inakuwa ndefu, na mashahidi nao hufa.

Tena cheti kupatikana ni nusu ya kazi. Bodi inataka vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vihakikiwe kwanza na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na uhakiki huo unachukua siku zake. Ndipo mwombaji anapojaza maombi kwa njia ya mtandao, akilipia ada ya maombi Sh 30,000, akichapisha fomu, akiisainisha kwa serikali ya kijiji au mtaa na kwa hakimu au wakili, kisha akiirudisha mtandaoni. Mahali penye umeme wa kubahatisha na mtandao unaokuja na kwenda, kazi hiyo si ya siku mbili za mwisho.

Majina nayo yametuponza. Mtoto amezaliwa akaitwa Khadija, shuleni akaandikwa Hadija, na cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija binti fulani kwa jina la babu badala ya baba. Sisi tunajua ni mtoto mmoja. Mashine inaona watu watatu. Tofauti hizo hurekebishwa kwa kiapo na kwa taratibu za kisheria, na urekebishaji huo ufanywe mtoto akiwa kidato cha pili au cha tatu, si wakati dirisha limebakiza juma moja.

Nasi wa mpakani tuna jambo letu la ziada. Burundi iko hapo ng'ambo, tunaoana nao na tunakutana nao sokoni, hivyo ofisi hutuuliza maswali mengi zaidi kabla ya kutupa kitambulisho cha taifa. Kulalamika hakutatufupishia njia. Kuanza mapema ndiko kutakakotufupishia. Kijana anapotimiza miaka 18 asisubiri matokeo ya mtihani ndipo akakumbuka NIDA.

TANO, KINACHOBAKI JUU YETU

Hata karatasi zikitimia na mkopo ukatoka, bado kuna pengo. Fedha ya Bodi huingia baada ya mwanafunzi kufika chuoni na kusajiliwa. Nauli ya kutoka Kibondo hadi Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam, godoro, ndoo na chakula cha majuma ya mwanzo havimo. Ni pengo dogo kuliko ada, lakini ndilo linalowapeleka wazazi kwa kausha damu. Familia yenye mtoto wa kidato cha tano ianze leo. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Ile fedha tuliyokuwa tukiilipa imekwenda wapi? Gunia moja la maharage litengwe kila msimu, liandikwe jina la mtoto, na lisiguswe kwa arusi wala kwa simu mpya.

Kwa pengo hili ndipo msikiti unapoingia. Uislamu una historia ndefu ya kugharimia wanafunzi. Mateka wa Badri waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad, iliyoanzishwa na waziri Nizam al-Mulk katika karne ya 11, iliwapa wanafunzi posho na malazi kutokana na mali ya wakfu. Na katika zama zetu Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake, nchi kama yetu. Msingi wa mpango ule ulikuwa wa hekima: kwa jamii ilikuwa zawadi, kwa mwanafunzi ilikuwa qardh hasan, mkopo usio na nyongeza, ambao aliyehitimu anaurudisha katika mfuko wa jamii yake ili asome mwingine.

Sisi hatuna benki. Lakini hesabu ya msikiti wetu inawezekana. Tukiwa na waombaji 10 kwa mwaka, ada zao zote za maombi ni Sh 300,000. Kaya 100 zikitoa Sh 3,000 kila moja, mara moja kwa mwaka baada ya mavuno, jambo limekwisha. Nauli na godoro tuziweke katika mfuko wa qardh hasan, zirudishwe kidogokidogo kutoka katika bumu au baada ya kazi. Na kwa aliye fakiri au maskini ipo zaka. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake tunavisoma katika madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kwamba mwenye uwezo wa kuchuma lakini ameshughulishwa na kutafuta elimu ya sharia, na kuchuma kungemkatisha, anaruhusiwa kupewa zaka. Wapo wanazuoni wa leo wanaoingiza humo elimu nyingine ambazo umma unazihitaji, kama utabibu. Kamati zetu ziwaulize masheikh wao juu ya jambo hili kabla ya mgao wa mwaka huu, si baada yake.

Kamati ya msikiti wetu imekwisha kukubaliana mambo matatu, nami nayaandika hapa ili mtushike kwayo. Limenunuliwa daftari la mazishi, na hakuna jeneza litakalotoka msikitini kabla ya jina la marehemu, tarehe, mashahidi wawili na habari ya taarifa kwa mtendaji kuandikwa. Maziko hayatangoja. Kuandika ni dakika tano, na maji ya kuoshea maiti huchukua muda mrefu kuliko hapo kuchemka. Pili, kila mwezi wa kwanza walimu wa madrasa watapita katika kaya zenye watoto wa sekondari kuangalia vyeti: kipo cha kuzaliwa, majina yanafanana, baba au mama akiwa ametangulia mbele ya haki kipo cheti chake. Tatu, tumeanza mfuko wa ada za maombi, na mwanamke mmoja mwenye genge la nyanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa.

Ndugu zangu wa misikiti mingine ya Kibondo, Kasulu na Kakonko, msingoje mlango wenu ugongwe baada ya isha. Fungueni makabati yenu kesho mtazame kama daftari hilo lipo.

Na kwako, baba mdogo wa yule binti, nimekuja kwako kwa adabu nikakueleza haya, nawe ulinisikiliza hadi chai ikapoa. Uliniambia utalifikiri. Juma lililopita nilipata habari kwamba umekubali kuwa mdhamini wake. Cheti cha marehemu kaka yako sasa kipo, kimehakikiwa, na nakala yake nimeihifadhi katika kabati la msikiti, ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Dirisha litakapofunguliwa mwaka huu, binti yule hatakuwa na sababu ya kungoja. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, na amrehemu marehemu.

Wabillahi tawfiq.